Wateja wananinunia kwa ajili ya makato ya simu na kadi. Nifanyeje?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina duka dogo la leso, madera na vikoi Mombasa mjini, si mbali na Biashara Street. Wateja wangu ni wa aina mbili. Kuna akina mama wa hapa wanaonunua leso za harusi na za kuvaa nyumbani, na kuna watalii wanaopita wakielekea Fort Jesus. Biashara namshukuru Mungu inakwenda. Linaloninyima usingizi ni namna watu wanavyonilipa.

Leso jozi moja nauza 700. Nikitoa bei ya jumla na nauli ya mzigo, kinachobaki ni kama 100, na hapo sijalipa kodi ya duka wala stima. Mteja akilipa kwa noti, sina neno. Lakini siku hizi wengi wanatuma kwa simu, na mimi napokea kwenye nambari yangu ya kawaida. Nikienda kwa wakala nakatwa 29. Ndipo nikaanza kuwaambia wateja, "Tuma na ya kutolea." Wengine wanatuma bila maneno, wengine wanakasirika. Mwezi uliopita mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, aliniambia mbele ya watu kwamba ameshachoka kunilipia wakala. Akairudisha leso mezani akatoka. Hajaonekana tena.

Kwa ajili ya watalii nilichukua mashine ya kadi kutoka benki moja. Wananikata asilimia 3 kwa kila malipo, na pesa inaingia siku ya pili au ya tatu. Nami nikawa namwongezea mwenye kadi asilimia 5, tatu za benki na mbili za usumbufu wa kungoja. Juzi Mjerumani mmoja na mkewe walichagua vikoi na mkeka, tukavutana bei hadi tukapatana 8,000. Alipotoa kadi nikamwambia itakuwa 8,400. Uso ulimbadilika palepale. Akasema nimemdanganya, wakaacha kila kitu wakaenda zao.

Jambo la tatu naona uzito kulisema. Mdogo wangu ndiye anayekaa dukani mchana nikienda nyumbani kuswali na kupokea watoto. Wateja wanamtumia kwenye nambari yake. Jioni ananipa hesabu kwa mdomo. Sisemi anakula pesa, lakini hesabu hazikai sawa, na nikimuuliza ananuna. Mama yetu ananiambia nisimvunje kijana moyo.

Nimeshauriwa nichukue till ya Lipa na M-PESA, yaani nambari ya duka ya kupokelea malipo ya simu, lakini jirani yangu anasema ukiwa na till KRA, watu wa mamlaka ya kodi, wanakuona waziwazi na kodi itakumaliza. Na kuna benki nyingine inanibembeleza nichukue mashine yao. Je, nirudi kwenye fedha taslimu tu? Niendelee na ya kutolea? Mashine niirudishe?

Muuza leso, Mombasa

*

Marahaba mwanangu.

Usirudi kwenye fedha taslimu pekee, na mashine ya kadi usiirudishe. Lakini hiyo ya kutolea iache leo, na ile asilimia 5 iache leo pia. Nitakupigia hesabu kwa bei zako mwenyewe, kwa maana naona makato yanakuuma kuliko ukubwa wake wa kweli, na kwa sababu hiyo unawadai watu zaidi ya kile unachokatwa.

Tuanze na simu. Mteja akikutumia 700 kwenye nambari yako ya kawaida, yeye ameshakatwa 13 za kutuma. Ukimwambia aongeze 29 za kutolea, leso ya 700 imemtoka 742. Sasa tazama upande wako. Wateja kumi wakikutumia hivyo, umekusanya 290 za kutolea. Lakini wewe huendi kwa wakala mara kumi. Unakwenda mara moja jioni, unatoa 7,000 kwa mkupuo, na makato ya kutoa kiasi hicho ni 87. Zile 203 zilizobaki ni pesa za wateja wako, na hawakukupa kwa ajili ya leso. Najua hukukusudia kumdhulumu mtu. Ulikuwa unamtazama mteja mmoja mmoja, na kwa mteja mmoja 29 inaonekana haki. Lakini mteja naye anajua kupiga hesabu, hasa mwalimu.

Desturi ya kulipana dukani kwa nambari ya kawaida ilipata nguvu wakati wa korona. Machi 2020 ilitangazwa kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 hakutakuwa na ada, na ikawa hivyo mpaka mwisho wa mwaka ule. Kwa duka la bei kama zako hilo lilikuwa neema. Januari 2021 ada zikarudi, lakini watu walikuwa wameshazoea, na mpaka leo maduka yanaendesha biashara kwenye laini ambazo hazikukusudiwa biashara.

Till ya Lipa na M-PESA inageuza mzigo. Mteja analipa 700 na inamtoka 700, hakuna zaidi. Anayekatwa ni wewe, asilimia 0.55, na makato hayapiti shilingi 200 hata mauzo yawe makubwa namna gani. Malipo ya 200 kushuka chini hayakatwi kitu. Kwa jozi yako ya leso hiyo ni shilingi 3 na senti 85. Siku akija mama wa bibi harusi akichukua leso za 50,000 za kugawia jamaa, unakatwa 200 tu, basi. Mwanangu, kwa shilingi nne kasoro ulikuwa unaweza kubaki na mwalimu wako.

Utasikia pia habari za Pochi la Biashara, huduma nyingine ya M-PESA ya kupokelea pesa za biashara. Ni nzuri kwa muuza mahamri au kinyozi asiyetaka pesa za kazi zichanganyike na za nyumbani, lakini pale anayekatwa ni mteja, kama vile anatuma kawaida. Wewe unatafuta kuondoa manung'uniko mezani, kwa hiyo chukua till.

Ukishaipata, bandika nambari mahali ambapo mteja anaiona kabla hajauliza, na jina la duka lisomeke. Pesa ikiingia usikimbilie kuitoa. Makato yanakuja pesa inapohama, basi ihamishe mara chache na kwa mafungu makubwa. Hata kwenye laini ya kawaida, kutoa 1,000 mara kumi ni 290, kutoa 10,000 mara moja ni 115. Mwenye jumla wako bila shaka anapokea kwa simu pia. Mlipe kwa simu, usitoe noti ili ukampe noti.

Na usikubali kamwe kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja ukaitambua kuwa malipo. Meseji za kughushi zinatengenezwa zikafanana na za kweli mpaka koma. Angalia simu yako, au programu ya till, uone pesa imeingia, ndipo ufunge mfuko. Kwenye nambari ya kawaida kuna hatari nyingine: mtu anakulipa, anachukua dera, akifika kituoni anaipeleka meseji kwenye 456 akidai alikosea nambari ili pesa irudishwe. Kazi ya kujieleza inabaki kwako, na dera limeshapanda matatu.

Sasa hofu ya jirani yako. Nataka uielewe vizuri, kwa sababu imewafanya wafanyabiashara wengi wadogo wakae na utaratibu mbovu miaka na miaka. Tangu Julai 2023, mwenye mauzo yanayozidi milioni 1 kwa mwaka na yasiyopita milioni 25 hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3, anayoiwasilisha kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukipita milioni 5 kwa mwaka, ongea na mhasibu kuhusu VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mauzo yakiwa chini ya milioni 1, kodi hiyo ya mauzo haikuhusu. Kinachoamua ni kiasi unachouza. Iwe noti, till au nambari ya mdogo wako, deni la kodi ni lilelile.

Tena nambari ya kawaida inaweza kukuponza zaidi. Kwenye laini hiyo kuna mchango wa harusi ya binamu, kuna pesa ulizotumiwa na jamaa aliye Muscat kwa ajili ya dawa za mama, kuna deni alilokulipa shoga yako. Siku ukiulizwa, utazitenganishaje na leso? Till inaonyesha mauzo matupu, na hayo ndiyo unayodaiwa.

Ila kuna hesabu moja ambayo jirani yako angekupa ingekuwa na faida. Asilimia 3 ya kodi ya mauzo inahesabiwa kwenye 700 nzima, si kwenye ile 100 yako ya faida. Hiyo ni shilingi 21. Umegombana na watu kwa sababu ya makato ya simu, ambayo kwa till ni shilingi 4 tu, na hii ya 21 hujaiingiza popote kwenye bei. Kama mauzo yako yamevuka milioni, leso ya 700 inakuachia pungufu ya unavyodhani, na hapo ndipo bei inahitaji kuangaliwa upya.

Nije kwenye kadi. Hiyo asilimia 3 haiishii kwa benki yako peke yake. Sehemu inakwenda kwa benki iliyompa mteja kadi, sehemu kwa mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na sehemu inabaki kwa benki yenye mashine. Ndiyo maana kadi ya kutoka nje mara nyingi ina gharama kubwa kuliko ya hapa nyumbani.

Mgeni wako kutoka Ujerumani hajui lolote kati ya hayo, na nataka umwelewe. Kwao, tangu Januari 2018, sheria inakataza duka kumwongezea mnunuzi wa kawaida bei kwa sababu tu analipa kwa kadi. Uingereza ni hivyohivyo. Gharama za kule nazo zimebanwa: kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2015, benki ya mwenye kadi haichukui zaidi ya asilimia 0.2 kwa kadi inayokata pesa kwenye akaunti moja kwa moja, na 0.3 kwa kadi ya mkopo. Ulinzi huo haufiki Mombasa. Lakini mtu huyo amezoea kwamba bei ni bei. Ukimtajia 8,400 baada ya kupeana mkono kwa 8,000, kwake hiyo si ada ya benki, ni mtego.

Na hapo, mwanangu, namuunga mkono. Sisi watu wa pwani tunapatana bei, na hilo halina ubaya. Kila mtu anajua mchezo huo na anauingia kwa hiari. Lakini bei ikishafungwa haifunguliwi. Lililomkasirisha ni kwamba uliyaleta makato baada ya makubaliano. Asilimia 3 ya 8,000 ni 240. Uliacha mauzo ya 8,000 yatoke mlangoni ukitafuta 400, na katika hizo 400, benki ingechukua 252, kwa sababu inakata kwenye 8,400 yote. Ulikuwa unapigania 148.

Fanya hivi. Mtalii anapoanza kuuliza bei, muulize mapema kwa upole atalipa vipi. Akisema kadi, bei yako ya mwisho unayoijua moyoni iwe imeshabeba asilimia 3. Akisema noti au simu, una nafasi ya kumshushia kidogo, na utamshushia kwa furaha. Mtu aliyepunguziwa anaondoka anakusifu, na hesabu yako inatoka palepale.

Vikoi, mikeka na mikoba ya ukili vina nafasi ya kubeba asilimia hiyo. Leso za akina mama hazina. Jozi ya 700 ikilipwa kwa kadi inakatwa 21, yaani moja ya tano ya faida yako. Lakini usimkatalie mtu. Waelekeze wateja wa hapa kwenye till, karibu wote wana simu mkononi, na hao wachache wa kadi wapokee. Kabla hujaweka kiwango cha chini cha malipo ya kadi, soma mkataba wa benki yako. Mikataba mingi inakataza jambo hilo, na inakataza vilevile kumwongezea mteja makato. Yawezekana ile asilimia 5 ilikuwa inavunja mkataba uliousaini mwenyewe.

Ili uone ukubwa wa jambo lote, chukua mfano wa mwezi. Tuseme umeuza 100,000: noti 50,000, till 35,000, kadi 15,000. Till imekukata 192 na nusu. Kadi imekukata 450. Jumla ni 642 na nusu. Ukigawanya juu ya mauzo yote, kila shilingi 700 imebeba shilingi 4 na nusu. Hiyo si sababu ya kugombana na binadamu yeyote. Ihesabu pamoja na kodi ya duka na stima. Ni gharama ya kufungua mlango asubuhi. Noti nazo zina gharama zake, kuanzia kutafuta chenji mpaka noti bandia na wasiwasi wa kutembea na mauzo usiku, ila hazikuletei meseji ya makato, ndiyo maana huzisikii.

Mambo mawili ya mashine. Kadi ya kigeni ikiingia, wakati mwingine mashine inauliza malipo yawe kwa shilingi au kwa pesa ya kwao mteja. Mgeuzie mteja kioo achague mwenyewe, usimbonyezee. Akichaguliwa yuro bila kujua, kiwango cha kubadilishia kwa kawaida humuumiza, na akifika kwao ataona aliibiwa dukani kwako. Pili, karatasi za malipo ya kadi zihifadhi, kila mwezi na bahasha yake, usizitupe kabla ya mwaka kupita. Mwenye kadi ana haki ya kuyapinga malipo kwenye benki yake miezi kadhaa baadaye, na usipokuwa na karatasi, pesa inarudi kwake.

Kuhusu mdogo wako, mama yenu na wewe nyote mna haki. Usimwite mwizi, maana huna ushahidi. Lakini usimwache kwenye hali hii hata wiki moja zaidi. Kijana anayepokea mauzo kwenye laini yake, ambamo pia kuna pesa yake ya nauli na ya vocha, atachanganya tu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Na akichanganya atashukiwa, na akishukiwa atanuna, kama anavyonuna sasa. Mwambie mbele ya mama kwamba duka limepata till na kuanzia leo hakuna nambari ya mtu, yako wala yake. Unapoandikisha, uliza namna ya kumwongeza kama msaidizi anayepata taarifa za malipo bila uwezo wa kutoa pesa. Mpe daftari aandike kila kilichouzwa na kimelipwa vipi. Jioni mnalinganisha pamoja, mmeketi. Yale ya nyuma yasamehe, ila mshahara wake uutaje wazi kama hujawahi kuutaja. Kijana asiyejua anapata kiasi gani hujilipa.

Mwalimu mpigie simu mwenyewe, usimtumie mtu. Mwambie umeacha ya kutolea, na ile leso bado ipo kwa 700. Usijitetee kwa habari ya wakala.

Benki hiyo ya pili isikusainishe kwa haraka. Waulize wanakata asilimia ngapi kwa kadi za hapa na ngapi kwa kadi za nje, mashine ina kodi ya mwezi au la, kuna kiwango cha mauzo usipokifikisha unatozwa, pesa inaingia baada ya siku ngapi, na ukitaka kuvunja mkataba unalipa nini. Kisha peleka majibu hayo kwa benki uliyonayo, uwaulize kama wanaweza kushusha ile 3. Una mauzo ya watalii, na hilo wanalitaka. Majibu ya pande zote yawe kwa maandishi, na ukiyapata niandikie tena kabla hujatia saini.